Karatasi Zilizotakiwa Kutupwa

Mwaka 2003 nilinunua karanga za shilingi mia pale stendi ya Buguruni. Nilipozimaliza nikaikunjua karatasi iliyofungiwa, nikakuta mchoro. Lilikuwa gurudumu, lakini limefumuliwa lote: beringi, washa, bolti, na diski za breki zimepangwa hewani moja baada ya nyingine kama sahani kwenye kabati la mama, kila kipande na mstari wake mwembamba na namba yake. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili nasoma ufundi wa magari, na breki nilikuwa nazijua. Hizi zilikuwa nyingi mno. Hata lori la mafuta halina diski kiasi kile kwenye gurudumu moja.

Chini, kwenye kona ya kulia, kulikuwa na namba zilizotenganishwa kwa vistari, ya kwanza ikiwa 32. Karibu yake namba ya ukurasa, 403, na tarehe ya mwaka 1971. Mafuta ya karanga yalikuwa yameshalowesha nusu ya chini lakini maandishi yalisomeka.

Leo namba zile nazisoma kama kondakta anavyosoma vibao vya daladala. Mwaka 1956 chama cha mashirika ya ndege ya Marekani kilitoa utaratibu mmoja wa kupanga vitabu vya ufundi, kwa sababu kabla ya hapo kila mtengenezaji alipanga anavyotaka, na fundi akihama kutoka aina moja ya ndege kwenda nyingine alikuwa anaanza upya kutafuta kitu kiko wapi. Sura ya 24 ni umeme. Ya 27 ni mifumo ya kuongozea ndege, 28 ni mafuta, na 32 ni miguu ya kutulia pamoja na magurudumu na breki zake. Kurasa nazo zina ukoo: kuanzia 1 ni maelezo ya mfumo, kuanzia 101 ni kutafuta hitilafu, kuanzia 401 ni kufungua na kufunga. Maana yake karatasi yangu ya karanga ilikuwa inamwelekeza fundi namna ya kulitoa gurudumu la ndege na kulirudisha. Siku ile sikujua hata moja katika hayo. Nilijua tu kwamba kuna mtu aliwahi kupiga magoti chini ya ndege na karatasi hii ikiwa wazi pembeni yake.

Kesho yake nilirudi kwa kijana wa karanga. Akanielekeza kwa mama yake, mama akanielekeza duka linalouza makaratasi kwa kilo, na mwenye duka akanielekeza nyumba moja Kiwalani. Nilipokewa na dada mmoja wa makamo, nikamwamkia, nikamweleza nilichokifuata. Baba yake alikuwa fundi wa ndege. Alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Baada ya arobaini chumba chake kilisafishwa ili kipate mpangaji.

"Mdogo wangu, tungejua," aliniambia. "Baba alikuwa hataki ziguswe. Sisi tukaona ni makaratasi."

Akanionyesha kilichobaki: majalada matano ya bluu yenye ringi za chuma, matupu. Muuza karanga hana kazi na jalada.

Nimekusanya katalogi na nyaraka za ndege kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, na habari ile ya Kiwalani nimekutana nayo tena Nairobi, Mombasa na Moshi. Mchwa wanasingiziwa sana. Karatasi nyingi zinapotea kati ya mazishi na arobaini, siku ambazo hakuna mwenye nguvu ya kuuliza kilichomo ndani ya sanduku. Tangu mwaka ule nikajiwekea utaratibu wa kuwatafuta wazee wakiwa hai, na nikifika kwao naanza na wao, makaratasi yatafuata.

Watu huniuliza makaratasi ya ndege za mwaka 1971 yalifikaje uswahilini. Jibu lake ni historia yetu yenyewe. Shirika la East African Airways lilianza kuruka Januari 1946 likiwa na ndege sita za Dragon Rapide, ndege za mbao na kitambaa zenye mabawa juu na chini. Baadaye likawa na Dakota, Comet, Fokker Friendship, Super VC10, DC-9. Karakana kuu ilikuwa Nairobi, na mafundi walitoka nchi zote za Jumuiya. Januari 1977 shirika likasimama. Februari Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Machi likaundwa shirika letu la Tanzania. Katikati ya miezi hiyo mafundi wakarudi makwao na walichoweza kubeba, na fundi anayerudi bila kujua kesho ataitwa kwenye ndege gani hubeba vitabu.

Mzee wangu wa Ukonga, mmoja wa mafundi hao, alirudi na mke, watoto wawili na sanduku la bati. Godoro liliachwa Namanga kwa sababu ya uzito. Sanduku halikuachwa.

Nilipelekwa kwake mwaka 2006 na mjukuu wake niliyefanya naye kazi gereji. Sikwenda mikono mitupu. Nilikwenda na kitu nilichokuwa najivunia kuliko vyote, katalogi ya vipuri vya Dakota niliyoinunua Nairobi mwaka uliotangulia kwa muuza vitabu vya mitumba. Njia nzima ya kurudi niliipakata kwenye basi, imefungwa kwenye shuka. Ilikuwa toleo la jeshi la Marekani, maana Dakota nyingi zilizobeba abiria baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa za jeshi kwanza, na vitabu vyake vilikuja nazo. Namba ya kitabu chenyewe inakwambia ni cha nani: ikiishia na 1 ni cha rubani, 2 ni cha matengenezo, 3 ni cha kukarabati bodi, 4 ni cha vipuri. Hii yangu iliishia na 4.

Nilipoinunua ilikuwa imefura. Kitu kilekile kilikuwa na kurasa mbili, ya zamani iliyopigwa mstari wa wino mwekundu na mpya iliyofuata. Vikaratasi vidogo vilibandikwa juu ya namba za vipuri. Kulikuwa na alama za vidole vyeusi karibu kila mahali, na mwanzoni karatasi ya taipureta iliyochorwa safu, imejaa saini, pembe zake zimeliwa. Mimi niliona uchafu. Jumamosi na Jumapili nzima nilikaa naisafisha. Kurasa zenye mstari mwekundu nikazitoa, kumi na moja. Vikaratasi nikavibandua kwa mvuke wa birika. Alama za vidole nikazisugua kwa kifutio. Ile karatasi ya mwanzoni, kwa kuwa ilikuwa imechakaa, nikaitupa pamoja na hizo kumi na moja. Kitabu kikawa safi kama kimetoka dukani.

Mzee alivaa miwani, akakifungua mwanzo, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani ambako karatasi ile ilikuwapo. Mabaki madogo yalikuwa bado yamenasa.

"Kumbukumbu ya marekebisho iko wapi?"

"Ipi hiyo, mzee?"

Akanieleza taratibu, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kitabu cha ufundi wa ndege hakikai kama kilivyochapwa. Mtengenezaji akigundua ufa mahali fulani, au bolti ya mwanzo ikibainika ni laini, hutuma kurasa mpya kwa kila mwenye ndege ile. Karani wa maktaba ya karakana anaitoa ya zamani, anaweka mpya, kisha anajaza karatasi ya mbele: namba ya marekebisho, tarehe, na saini yake. Ya zamani inachanwa. Lazima ichanwe, kwa sababu ikibaki, fundi wa zamu ya usiku anaweza kuifuata akiwa na usingizi, na ndege ikaondoka asubuhi na kosa.

Ndiyo kusema vitabu hivi vimeumbwa visahau. Kila ukurasa wa zamani uliopo leo duniani umebaki kwa sababu kuna mtu hakuuchana siku aliyotakiwa kuuchana. Katika katalogi yangu kulikuwa na kumi na moja za namna hiyo, na pembeni yake orodha ya watu walioshika kitabu kile miaka yote. Vyote nilivitupa mimi, mpenzi wa makaratasi, miaka mingi baada ya karakana yenyewe kufungwa.

Mzee hakunigombeza. Alifunga kitabu, akasema, "Umetoa majina ya watu humu."

Nilikaa kimya. Bibi akaleta chai.

Siku ile ndiyo aliyonifungulia sanduku. Nilidhani ninachokwenda kuona ni vitabu. Nilichokiona ni pembeni mwa vitabu. Maandishi ya katikati ya ukurasa yalikuwa Kiingereza cha kiwandani, yaleyale ambayo mtu anaweza kuyapata kwenye hifadhi kubwa za Uingereza au Marekani, mengine yameshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Lakini pembeni, kwa penseli iliyochongwa vizuri, kulikuwa na Kiswahili. Kwenye sura ya injini ya Dakota, ile yenye silinda 14 katika safu mbili na nguvu za farasi 1,200, ameandika: "Za nyuma usianze nazo, mkono hautapita." Kwenye ukurasa mwingine: "Kaza kwa kuzungukia zote, usimalize moja kwanza." Kwingine: "Spana ya kawaida haiingii. Iliyokunjwa iko stoo ya injini." Na pembeni ya pampu moja, kwa herufi kubwa kuliko zote: "HII IKILIA ISIKILIZE."

Nimeuliza wakusanyaji wenzangu wa Ulaya kwa barua pepe kama wamewahi kuona kitu kama hicho. Wana vitabu safi, vingine bado kwenye nailoni yake ya kiwandani, na bei zake ni kubwa. Penseli hawana. Mimi siku hizi nikipewa kuchagua kati ya nakala safi na nakala yenye mafuta, nachukua yenye mafuta bila kufikiri. Kitabu kisicho na alama ya kidole hakijafanya kazi.

Mzee ndiye aliyenifundisha pia kusoma namba za bolti, kwa kumwaga mkekani kopo zima la Blue Band. Alichukua moja, akasema hii ni AN4-12, niambie urefu wake. Nilisema sehemu kumi na mbili za nane za inchi, yaani inchi moja na nusu. Akatikisa kichwa. Ile 4 ni unene, sehemu nne za kumi na sita, robo inchi. Ile 12 haisomwi kumi na mbili, inasomwa moja halafu mbili: inchi moja, na sehemu mbili za nane. Inchi moja na robo. Kisha akanipa nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu, ila namba yake inaishia na herufi A, akaniambia nitafute tofauti. Niliigeuzageuza mpaka nikaona: ya kwanza ina tundu dogo karibu na ncha, ya pili haina. Tundu ni la pini ya kuzuia nati isijifungue, na huwekwa mahali ambapo kiungo kinazunguka. "Ukiweka yenye A mahali pa isiyo na A," alisema, "nati itakaa, ndege itapaa, na itarudi. Itarudi tena. Halafu siku moja haitarudi." Tangu hapo orodha ya vipuri siisomi tena kama orodha ya vitu dukani.

Upande wa pili wa mkusanyo wangu ni brosha na katalogi za biashara, zile zilizochapwa ili kuuza. Hizi zina rangi, zina wanawake wenye kofia na vijana wanaotabasamu, na kwa muda mrefu niliziona duni mbele ya vitabu vya ufundi. Nilibadili mawazo siku nilipoweka brosha mbili za Comet juu ya kitanda, moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 na nyingine ya Comet 4. Ya kwanza inasifu ukimya na kasi. Ndege hiyo ilianza safari ya kwanza duniani ya abiria kwa injini za jeti tarehe 2 Mei 1952, kutoka London hadi Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe. Kwenye picha abiria amekaa kando ya dirisha pana lenye pembe, karibu mraba. Kwenye brosha ya pili abiria ni kama yuleyule, tabasamu lilelile, ila dirisha limekuwa la mviringo.

Brosha haisemi kwa nini. Kilichotokea katikati ni kwamba Comet moja ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954, na nyingine karibu na Naples Aprili mwaka huohuo. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, wakazamisha bodi nzima ya Comet kwenye tangi la maji, wakawa wanaijaza presha na kuiachia, tena na tena, mpaka ikapasuka, ikaonekana kwamba chuma huchoka na ufa hupenda kuanzia kwenye pembe za matundu. Watu walikufa ili pembe ile ipotee kwenye picha. Comet 4 zilipokuja kwetu mwaka 1960, zikawa jeti za kwanza za shirika la Afrika Mashariki, na abiria wa Nairobi na Dar es Salaam wakakaa kando ya dirisha lile la mviringo wakitazama mawingu. Ndiyo maana brosha nazihifadhi kwa mfuatano wa miaka na sizitenganishi kwa uzuri. Moja peke yake ni tangazo. Mbili zikikaa pamoja zinaanza kusema.

Kuhusu kuhifadhi nitasema machache, maana makosa yangu hapa yanatosha. Selotepu ni adui. Niliitumia mwaka wa kwanza kuunga kurasa zilizochanika, na sasa kila nilipobandika kuna mstari wa kahawia ulioingia mpaka upande wa pili. Pini za stepla zitolewe, kwa sababu hewa ya Dar inazitia kutu na kutu inakula karatasi kama moto wa sigara. Kurasa nazifunga kwa utepe wa pamba. Michoro ya bluu yenye mistari myeupe isitundikwe ukutani. Niliyoitundika mimi ilififia ndani ya mwaka mmoja, na mchoro wa namna hiyo hukaa gizani ukalindwa dhidi ya mwanga. Sanduku lisikae sakafuni, likae juu ya matofali na liachwe nafasi na ukuta. Na kurasa za kukunjua, zile ndefu zenye mifumo ya umeme, zikunjwe kwa mikunjo yake ya zamani, usiibuni mipya. Hizo kurasa za kukunjua ndizo zinazonisaidia pia kumjua muuzaji anayeniletea fotokopi akidai ni nakala halisi: mashine ya kawaida haimalizi ukurasa mrefu, kwa hiyo umepigwa vipande viwili na mstari wa kiungo unaonekana katikati ya mchoro.

Kuna swali moja nilikaribia kabisa kulijibu vibaya, na nalisimulia kwa wanaoanza kukusanya. Mwaka 2011 nilipigiwa simu na mtu aliyesikia kwamba nina kitabu cha matengenezo cha ndege ndogo ya Cessna 206 cha miaka ya 1970. Alitaka kurasa za propela na miguu ya mbele. Alitoa bei nzuri, na kusema kweli nilifurahi kwamba kuna mtu ameona thamani ya nilichonacho. Nikauliza, kwa kuzungumza tu, anazitaka kwa ajili gani. Akasema ndege iko chini, kazi ni ya wiki hii, na kitabu kipya kinachukua muda kufika.

Nilimwambia nitampigia. Nikampigia Mzee.

"Tarehe ya marekebisho ya mwisho?" aliuliza.

"1978."

"Basi unacho kitabu cha ndege ya 1978. Hiyo ndege iko mwaka gani?"

Nilimpigia yule bwana nikamkatalia, na alikasirika, na sijui alimaliza vipi kazi yake. Tangu siku ile kila kitabu kinachotoka kwangu, hata kwa kuazimwa na mwanafunzi, kina karatasi iliyofungwa mbele kwa utepe: KUMBUKUMBU TU. ISITUMIKE KUTENGENEZEA NDEGE. Kitu kilekile kinachonifanya nikithamini kitabu, yaani kurasa zake zilizopitwa, ndicho kinachokifanya kiwe hatari karakanani. Anayekusanya nyaraka hizi abebe mambo yote mawili, asijidai kuona moja.

Septemba 2013 nilikwenda Ukonga na simu mpya yenye intaneti, nikamwonyesha Mzee picha. Kuelewa kwa nini nilikimbilia kwake siku ile, inabidi nirudi nyuma. Shirika la Afrika Mashariki lilikuwa na Super VC10 tano, zenye injini nne za Conway zimekaa mkiani. Moja iliteketea Addis Ababa Aprili 1972, na watu 43 wakapoteza maisha. Nne zilizobaki zilichukuliwa Uingereza shirika lilipovunjika, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia wenzake mafuta angani katika jeshi la anga la nchi ile. Katika sanduku la Mzee kulikuwa na kurasa chache za VC10 zenye orodha ya ndege ambazo maelekezo yake yanazihusu, na mojawapo ni 5H-MMT. Herufi za 5H ni zetu, ni Tanzania. Kabla ya uhuru ndege za Tanganyika zilibeba VR-T, na ukiikuta alama hiyo imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi yoyote umeshajua umri wake.

Ndege ile ya 5H-MMT, ikiwa na rangi ya kijivu na namba ya kijeshi ZA147, ndiyo iliyofanya safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani, tarehe 25 Septemba 2013, ikatua Bruntingthorpe, Uingereza. VC10 zilizotengenezwa zilikuwa 54. Ya mwisho kupaa ilikuwa iliyosajiliwa kwetu.

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili, akatazama mkia kwanza.

"Imetua salama?"

"Imetua, mzee."

"Haya."

Akanirudishia simu, akaingia ndani, akakaa huko kitambo.

Mwaka uliofuata aliniita. Macho yalikuwa yamepungua na alitaka sanduku liondoke nyumbani akiwa anaona linakwenda wapi. Wanawe walikuwapo, na tuliandikishana mbele yao kila kitabu kwa jina na namba, jambo ambalo nawasihi wote mlifanye, maana urithi bila maandishi huleta maneno. Tulipomaliza akauliza ile katalogi ya Dakota, ile safi, bado ninayo? Nilikuwa nayo kwenye begi. Sikuwahi kwenda kwake bila hiyo.

Akamwagiza mjukuu karatasi nyeupe na rula. Akachora safu nne kwa mkono unaotetemeka, mistari ikatoka imenyooka. Juu yake akaandika: namba, tarehe, maelezo, saini. Kisha akanipa kalamu, akaanza kunisomea, nami nikaandika.

Namba moja. Mwaka 2005. Kurasa kumi na moja za zamani zimetolewa, namba zake hazikuandikwa. Karatasi ya kumbukumbu imetupwa. Vikaratasi vya marekebisho vimebanduliwa.

"Haya," alisema. "Weka saini. Aliyefanya ndiye anayesaini."

Nikaweka. Akaivuta karatasi karibu na uso, akaisoma yote, akatoboa matundu pembeni kwa msumari, akaifunga mwanzoni mwa kitabu, mahali pake.